Duka limebaki, nyumba nimehama

Jumba lile nilipanga mara mbili. Chini, upande wa barabara, nina chumba cha duka ninamoshona nguo. Juu, ghorofa ya pili, nilikuwa na vyumba viwili nilivyoishi na wanangu. Mwenye nyumba ni mmoja, ajenti mmoja, na barua ya kupandisha kodi ilikuja moja kwa vyote: duka litoke shilingi 12,000 liwe 20,000, nyumba itoke 9,000 iwe 13,000, kuanzia tarehe mosi ya mwezi unaofuata. Leo duka bado ninalo na nyumba nimehama. Wateja wanaoijua habari hii huniuliza swali lile lile: ikiwa sheria ilikukingia duka, mbona haikukukingia nyumba? Jibu lake halipendezi, ila heri mpangaji wa Kenya alijue kabla hajaletewa barua.

Niliingia pale Kisauni, Mombasa, kwa mdomo tu, bila mkataba wa maandishi. Mwenye jumba, mzee wa watu, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa makaratasi. Nilimlipa kodi ya mwezi na amana ya mwezi, akanikabidhi ufunguo, yakaisha. Akitaka kuongeza kodi alikuja mwenyewe, akaketi kwenye benchi la wateja, akaulizia afya ya mama yangu, akaisifu nguo iliyo kwenye cherehani, na mwisho kabisa ndipo aseme, "Mwanangu, saruji imepanda, rangi imepanda." Tulivutana kidogo, tukakutana katikati. Sheria haikutajwa na hatukuihitaji. Alipofariki, jumba likawa la mwanawe anayeishi ng'ambo, naye akamkabidhi ajenti. Ajenti hana muda wa benchi.

Barua yenyewe ilikuwa ya aya mbili na mhuri wa buluu. Sababu iliyotolewa ni "kupanda kwa ushuru wa serikali". Hapo nilicheka peke yangu, maana mwaka ulikuwa 2024, na ushuru wa mapato ya nyumba za kuishi ulikuwa ndiyo kwanza umeteremshwa mwezi wa Januari, kutoka asilimia 10 hadi 7.5. Binamu yangu ana vyumba vyake viwili vitatu vya kupangisha, ndiye aliyenijulisha, tena kwa furaha.

Jioni ile wapangaji wote wa chini tulikusanyika dukani kwangu, na kila mmoja alikuja na sheria yake. Mwenye duka la dawa aliapa kwamba Kenya hairuhusiwi kupandisha kodi zaidi ya asilimia 10. Fundi simu akasema yeye halipi hata senti hadi waje wamweleze vizuri. Mama wa hoteli, ambaye yuko pale kabla yetu sote, alinitazama kwa huruma: "Wewe shoga yangu huna mkataba, huna chako. Wakisema toka, watoka." Nilirudi juu kulala nikiwa nimemwamini yeye zaidi, kwa sababu maneno yake ndiyo yaliyofanana na yale ninayoyasikia kila siku.

Kumbe wote watatu walikuwa wamekosea, na aliyekosea zaidi ni huyo niliyemwamini.

Kuna kituo cha msaada wa kisheria ambako huduma ni bure. Nilikwenda asubuhi, nikapanga foleni, nikakutana na kijana mmoja mwenye subira. Aliisoma barua, akauliza kama nina mkataba wa maandishi wa duka. Nilimwambia sina, huku nikitazama chini. Akasema, "Afadhali, mama."

Nilidhani ananitania. Alinifungulia Sura ya 301 ya sheria za Kenya, inayohusu wenye nyumba na wapangaji wa maduka, hoteli na mahali pa kuuza chakula, sheria iliyoko tangu 1965. Upangaji unaolindwa na sheria hiyo ni wa aina mbili tatu: ule usioandikwa kabisa, ule ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka 5, na ule wa muda mrefu zaidi lakini wenye kipengele kinachoruhusu kuuvunja ndani ya miaka 5 bila kosa la yeyote. Mimi wa mdomo nilikuwa ndani moja kwa moja. Na neno duka humo lina upana wake. Si lazima uuze bidhaa. Ukitoa huduma kwa malipo, unahesabiwa. Kinyozi, fundi simu, mshonaji, sote tumo. Mama wa hoteli, anayelala kwenye kachumba nyuma ya jiko lake, naye yumo, kwa kuwa sehemu kubwa ya mahali pale ni biashara.

Ukishakuwa ndani ya sheria hiyo, mwenye nyumba hawezi kugusa kodi, wala masharti, wala huduma uliyozoea kupata, kama maji au choo, ila kwa njia iliyowekwa. Njia yenyewe ina ukali wake. Lazima alete notisi kwenye fomu maalumu, ile inayoitwa Fomu A. Lazima aandike sababu. Lazima akutake umjibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja kama unakubali au unakataa. Na notisi hiyo haianzi kufanya kazi hadi ipite si chini ya miezi 2 tangu uipokee. Kijana aliigonga ile barua kwa ncha ya kalamu: "Hii haina fomu, haina muda, haikuulizi kitu. Kwa duka lako hii si notisi."

Kisha akafika kwenye mstari wa nyumba. Akaniuliza nalipa kiasi gani. Nilipomwambia 9,000 akaifunga ile sheria. "Huku juu, mama, itabidi tuzungumze lugha nyingine."

Nyumba za kuishi zina sheria yake, Sura ya 296, na ina baraza lake la kuamua kodi. Ukiisoma unaweza kutokwa na machozi ya furaha: inataja kodi ya kawaida ambayo mwenye nyumba hawezi kuivuka apendavyo, inamzuia kumsumbua mpangaji kwa nia ya kumhamisha. Tatizo ni mlangoni. Inazihusu nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na tarehe inayoangaliwa katika kuipima kodi hiyo ni 1 Januari 1981. Mimi mwaka huo nilikuwa sijazaliwa. Sasa nitajie nyumba ya kukaa familia Mombasa kwa kiasi hicho. Zipo, vyumba vya udongo vya huko ndani, na wanaoishi humo ndio wasioijua njia ya kwenda kwenye baraza. Sisi wengine tumebaki nje ya kizingiti, si kwa sababu tumetajirika, bali shilingi ndiyo iliyokonda. Mwaka 2021 uliandikwa mswada wa kuzikusanya sheria hizi za upangaji pamoja, lakini barua yangu ya 2024 ilinikuta chini ya zile zile za zamani.

Basi huku juu nilikuwa na nini? Nilikuwa na makubaliano yangu na mwenye nyumba, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Kwa makubaliano, mtu mmoja hawezi kuyabadilisha peke yake. 9,000 ni 9,000 hadi nikubali vingine. Lakini kwa kuwa ninalipa mwezi kwa mwezi, yeye anaweza kuumaliza upangaji kwa notisi isiyopungua mwezi, inayoishia siku ya kulipa kodi. Ukikataa nyongeza, anakupa notisi, unahama. Hakuna anayemuuliza kwa nini. Hakuna asilimia. Yule jirani wa dawa na asilimia 10 zake, nilikuja kugundua kwamba huenda alizisikia za Uganda, ambako sheria ya 2022 iliweka kweli kikomo cha asilimia 10 kwa mwaka. Kwetu hakuna, wala juu wala chini. Hata hiyo Sura ya 301 haitaji asilimia. Inachokupa ni mtu wa kati wa kuamua.

Nilimwandikia ajenti barua mbili tofauti. Sikuzichanganya, kwa ushauri wa yule kijana, na ulikuwa ushauri mzuri kuliko wote. Ya duka ilisema kwa adabu kwamba upangaji wangu ni wa kulindwa na barua yake haina nguvu, nami nitaendelea kulipa 12,000. Ya nyumba ilisema kwamba muda alionipa haufiki mwezi kamili, kwa hiyo mwezi ujao nitalipa 9,000, na naomba tuzungumze. Zote nilizipeleka mkononi, nikamtaka karani wake agonge mhuri na kuandika tarehe kwenye nakala zangu. Karani alisita. Nilimwambia nitasubiri. Alipoona nimefungua mkoba nikatoa suruali ya mteja nikaanza kuipinda kwa mkono palepale kwenye kiti, aligonga.

Kwa nyumba mazungumzo yalikuwa mafupi. Ajenti alishuka hadi 12,500, akakwama hapo. Notisi ya mwezi ikaja, safari hii imekaa sawa. Ningeweza kubishana, lakini kubishana na nini? Niliitumia miezi niliyoipata kutafuta, nikapata vyumba ndani zaidi, mbali na lami, kwa 8,500. Huko sikuingia kwa mdomo. Nilimwomba mwenye nyumba tuandike: kodi haipandi kabla ya mwaka, ikipanda haizidi asilimia 10, na taarifa ni ya miezi mitatu. Alisoma mara mbili, akasema yeye hajawahi kuulizwa vile, akasaini. Kumbe wengi hawakatai, hatuwaulizi. Kwa nyumba ya kuishi iliyovuka ile 2,500, kikomo cha nyongeza hukikuti kwenye sheria, na usipokiandika siku unapokabidhiwa ufunguo, siku ambayo yeye bado anakutaka, usitarajie kukipata baadaye.

Narudi kwa duka, ambako ndiko kulikuwa na vita.

Ajenti alikaa kimya kwa muda, kisha akaja wakili wake. Safari hii ilikuwa Fomu A yenyewe, kodi ile ile 20,000, sababu imeandikwa kwamba kodi ya sasa iko chini ya ile ya soko. Ilipofika mimi sikuwapo. Nilikuwa Biashara Street nikinunua vitambaa vya sare. Aliipokea msichana ninayemfundisha kushona, akaiweka chini ya mkasi isipeperuke na upepo wa feni. Mama wa hoteli aliponisikia nikimuuliza msichana tarehe aliyoipokea, alisema, "Si umwambie hukuipata, aliyepewa si wewe." Ujanja huo haufanyi kazi. Sheria inasema notisi ikipewa mtu mzima wa familia yako, au mfanyakazi wako hapo dukani, umepewa wewe. Hata ikitumwa kwa rejesta ya posta, tarehe inayohesabiwa ni ile ya risiti ya kuichukua posta. Kwa hiyo siku zangu zilianza kuhesabiwa tangu karatasi ilipoguswa na msichana wangu, nami nilimfundisha siku hiyo hiyo: ukiletewa barua yoyote, andika nyuma yake tarehe na saa, kisha nipigie.

Hapa ndipo watu wengi hupoteza haki iliyo mkononi. Notisi ikiwa sahihi, ukimya ni kukubali. Usipojibu kwa maandishi, au ukajibu lakini usiende barazani kabla ya ile tarehe ya kuanza, kodi mpya inaanza kama ilivyoandikwa, iwe halali moyoni mwako au isiwe. Hatua ni mbili na zote zinahitajika: kwanza kumjibu mwenye nyumba ndani ya mwezi kwamba hukubali, pili kupeleka lalamiko kwenye Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya tarehe ya notisi. Baraza liko Nairobi lakini husikiliza kesi za miji mingine pia, Mombasa ikiwemo. Kwenye karatasi utaona herufi BPRT, kifupi cha jina lake la Kiingereza. Ukishafungua lalamiko kwa wakati, notisi inasimama. Haina nguvu hadi baraza liamue. Mimi niliendelea kulipa 12,000 na hapakuwa na wa kunigusa.

Neno hilo la kuendelea kulipa nalisisitiza kwa sababu ya fundi simu. Yeye alifungua lalamiko kama mimi, ila akashikilia msimamo wake wa siku ya kwanza: hatoi senti. Alidhani kesi ikiwa barazani kodi nayo inalala. Miezi ikapita, na deni la kodi la miezi miwili ni moja ya sababu ambazo Sura ya 301 inampa mwenye nyumba ya kuomba kumtoa mpangaji. Ajenti aliyekuwa akihangaika kuthibitisha bei ya soko akapata njia rahisi zaidi. Dalali alikuja na amri ya kukamata mali kwa deni hilo, simu za watu zikatolewa kwenye kabati la kioo moja moja, zikaandikwa kwenye daftari. Ilibidi akimbie kukopa kwa shemeji yake kabla hazijapakiwa. Kesi yake ya kodi, ambayo ilikuwa nzuri kama yangu, iliishia hapo, alikubali walichotaka.

Mimi malipo yangu yalikuwa ya M-Pesa kwenda akaunti ya jumba, kila tarehe mosi, na kila ujumbe nilikuwa nauhifadhi, kisha mwisho wa mwezi nauchapisha kwenye saibakafe. Mtu wa kituo aliniambia kitu kingine ambacho nilikiona cha ajabu wakati ule: weka kando kila mwezi kiasi kidogo juu ya ile 12,000, kwa sababu baraza likiongeza kodi, linaweza kuirudisha nyuma hadi tarehe iliyo kwenye notisi. Nilikuwa nikitia shilingi 3,000 kwenye chama chetu cha akiba, fungu lake mbali. Ziliniokoa, kama utakavyoona.

Katikati ya hayo maji ya choo cha chini yakakatika. Bomba limeharibika, alisema ajenti. Juu yalikuwa yakitoka. Niliandika barua fupi nikikumbusha kwamba huduma anayoifurahia mpangaji wa aina yetu haiondolewi nje ya sheria, na kwamba baraza lina uwezo wa kusikiliza lalamiko la namna hiyo. Bomba lilipona wiki ile ile.

Kesi ya kodi ya duka haiamuliwi kwa machozi. Nilikuwa nimejiandaa kueleza kwamba nina watoto, kwamba sare hushonwa Januari tu na miezi mingine ni kiraka na zipu. Wakili wa kituo akaniambia hayo niyaache nyumbani. Baraza hutazama hali zote za jengo na kodi za majirani, na kinacholiongoza zaidi ni ripoti ya mthamini aliyesajiliwa. Mwenye nyumba ataleta wake. Usipoleta wako, watasoma moja. Mthamini si wa bure. Mwenye duka la dawa na mama wa hoteli tulichanga, tukamchukua mmoja atupimie maduka yote matatu siku moja.

Alinifungua macho yule bwana. Nilidhani ataingia, atatazama, ataandika bei. Alitoa futi yake ya kukunja, akapima ukuta kwa ukuta, kisha akapima upana wa mlango unaotazama barabara peke yake, maana sehemu ya mbele ina thamani kuliko ya nyuma. Akasukuma meza yangu ya kukatia aone sakafu. Akapiga picha doa la maji kwenye dari, lile lililo juu ya cherehani ya pili, ambalo mimi nilikuwa nimelizoea hadi silioni. Akauliza: choo mnashirikiana wangapi? Lori linaweza kusimama mbele? Taa za usiku ni za nani? Halafu akatoka na kutembea barabara nzima akiwauliza wapangaji wa maduka ya umri ule ule wanalipa kiasi gani kwa futi ya mraba, na kila aliyekubali kumwonyesha risiti alimwandika. Mimi nilimfuata nyuma nikimtambulisha, kwa sababu mgeni akiuliza kodi mtaani kwetu hudhaniwa ni mtu wa ushuru.

Ripoti yake ilisema 14,000. Ya mwenzake ilisema 21,000, juu hata ya walichoomba.

Siku ya kusikizwa ilikuwa kwa mtandao. Nilifunga mlango wa duka nusu, nikaiegemeza simu kwenye mkebe wa nyuzi, nikamwambia msichana asikanyage cherehani. Mbele yetu zilikuwapo kesi nyingine, na kuzisikiliza zile ni shule ya bure. Mtu mmoja aliambiwa palepale kwamba mwenye jengo lake ni serikali ya kaunti, hivyo sheria hii haimhusu kabisa. Nilimfikiria rafiki yangu mwenye kibanda soko la kaunti, aliyekuwa akisubiri yangu yaishe ili naye afungue ya kwake.

Zamu yetu ilipofika, swali lililoamua mambo lilikuwa dogo. Mthamini wao alikuwa amelinganisha duka langu na maduka ya jengo jipya lililo upande wa pili wa barabara. Mwenyekiti alimuuliza kama jengo hilo lina maegesho ya magari. Lina. Lina lifti? Lina. Na choo ndani ya kila duka? Kimya kidogo, kisha ndiyo. Mwenyekiti akaandika. Wakili wao akarukia kwamba eneo ni lile lile. Ni kweli, eneo ni lile lile, na nadhani ndiyo sababu hatukupata yote tuliyotaka. Uamuzi ulipotoka kodi yangu iliwekwa 14,500, kuanzia tarehe ya notisi.

Kuna walionipa pole kwa hilo. "Si wamekuongezea?" Wameongeza, na mimi sikuwahi kusema isiongezwe, mzee mwenyewe angekuwa hai angeshaniomba elfu moja au mbili. Ile tofauti ya 2,500 kwa kila mwezi uliopita niliilipa kwa mkupuo kutoka kwenye fungu la chama na nikabakiwa na chenji. Mwenye duka la dawa, ambaye hakuweka kitu, alilipa kwa awamu huku akinung'unika.

Ambaye hakuridhika angeweza kukata rufaa Mahakama ya Mazingira na Ardhi ndani ya siku 30. Hawakukata. Walichofanya ni cha akili zaidi, na kama sikuwa nimekaa miezi yote ile na ile sheria ningeangukia humo huku nikishukuru.

Ajenti alinitumia WhatsApp ya kirafiki. Kwamba mwenye nyumba anathamini wapangaji wa zamani, na angependa kuniondolea wasiwasi kwa mkataba rasmi, ulioandikwa na wakili, gharama juu yao. Kodi ianze 14,500 ile ile. Muda: miaka 5 na miezi 3. Mama wa hoteli alifurahi kwa niaba yangu. Mkataba! Muda mrefu! Nani atakutoa tena?

Niliutazama ule muda. Miezi 3 ya nini? Nani hupangisha duka kwa miaka mitano na robo? Anayehesabu ndiye hupangisha hivyo. Mkataba wa maandishi unaovuka miaka 5, usio na kipengele cha kuuvunja njiani, hauko tena chini ya Sura ya 301. Ukishausaini, kinachotawala ni kilichoandikwa humo, na humo ukurasa wa nne paliandikwa kodi itapanda kwa asilimia 15 kila baada ya mwaka. Muda ukiisha, hakuna Fomu A wala baraza, unakabidhi ufunguo. Mikataba ya aina hiyo imejaa mijini, na si haramu. Kwa mwenye duka kubwa anayetaka uhakika wa miaka na mwenye wakili wa kumsomea, huenda hata ikamfaa. Kwangu mimi ingekuwa kuinunua kwa saini yangu ile ile nyongeza waliyoikosa.

Nilimjibu kwa maandishi, na nakala nikagongewa mhuri bila kushona suruali safari hii. Nilisema niko tayari kuandikiana mkataba wa miaka 5 kamili, au wa huo muda wao ikiwa watatia kipengele cha kila upande kuuvunja kwa notisi ya miezi 3 wakati wowote. Hajanijibu. Mwenye duka la dawa alikuwa ameshauchukua wake aende akausaini. Nilimwomba aniachie usiku mmoja, tukausoma pamoja kwa tochi ya simu maana umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, na asubuhi akaurudisha ukiwa mtupu. Kila tarehe mosi natuma 14,500, na kwa mujibu wa sheria notisi nyingine ya kodi ya duka hili haiwezi kuletwa hadi miaka 2 ipite tangu uamuzi.